Udongo Mweusi wa Bustani na Namna ya Kuupima

Asubuhi moja ya Septemba, huko Goba pembezoni mwa Dar es Salaam, lori lilirudi nyuma hadi kwenye geti la jirani yangu likamwaga tripu nzima ya udongo. Ulikuwa mweusi tii, na bado una unyevu. Jirani, mama anayependa maua kuliko mtu yeyote ninayemjua, alimwuliza dereva: "Kaka, huu umetoka wapi?" Akajibiwa: "Bondeni, mama. Udongo wa bondeni ndio wenye rutuba." Siku hiyohiyo ukasambazwa, ukoka ukapandwa juu yake. Jua la Januari lilipokaza, uwanja ulipasuka nyufa zilizomeza kidole changu cha shahada chote. Masika yalipoanza nyufa zikafumba, pakawa na tope zito linalovua kandambili mguuni. Ukoka ulikufa mabaka mabaka, na yule mama akajilaumu kwamba hakumwagilia vya kutosha.

Hakukosea kumwagilia. Kasoro ilikuwa ndani ya udongo wenyewe, nayo ingeweza kugunduliwa kabla lori halijashusha, kwa kikombe kimoja cha maji na dakika tano. Ili tuone ni vipi, tuanze na swali linaloonekana jepesi: mtu anayenunua udongo wa bustani ananunua nini hasa?

Anachokitaka ni udongo wa juu, yaani tabaka la kwanza la ardhi, ambalo kwa kawaida lina kina cha sentimita 10 hadi 30. Chini yake kuna udongo wa chini, ambao mara nyingi ni mgumu zaidi, una rangi tofauti, na mizizi michache tu huufikia. Tofauti kubwa kati ya matabaka haya mawili ni mboji. Kwa neno hili nakusudia mabaki ya majani, mizizi na viumbe yaliyokwisha kuoza hadi hayatambuliki tena, yakachanganyika na madini ya ardhi. Humo ndimo wanamoishi nyungunyungu, kuvu na bakteria, na humo ndimo mmea unamopata sehemu kubwa ya chakula chake.

Ukipima udongo mzuri kwa ujazo, karibu asilimia 45 ni chembe za madini na asilimia 5 hivi ni mboji. Nusu inayobaki ni nafasi tupu, ambazo kwa wastani maji na hewa huzigawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo takriban robo ya udongo mzuri ni hewa, na jambo hili ndilo linalosahaulika upesi kuliko yote. Mizizi hupumua. Udongo uliojaa virutubisho lakini hauna nafasi za hewa huua mmea sawasawa na ule usio na virutubisho kabisa.

Tabaka hili la juu huundwa polepole mno. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hueleza kwamba sentimita moja ya udongo inaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kuundwa. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba hakuna kiwanda cha udongo wa juu. Kila tripu inayoingia kwako imebanduliwa mahali fulani, na kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni la asili, kabla ya bei.

Chukua mfano wa kawaida mjini. Mtu anachimba shimo la karo lenye kina cha mita 3, na udongo unaotoka unauzwa. Tukikubali kwamba tabaka la juu hapo lilikuwa na sentimita 20, basi katika sentimita 300 zilizochimbwa, zile zenye uhai ni sehemu moja tu kati ya 15. Sehemu 14 zilizobaki ni udongo wa chini, na kwa bustani huo ni kifusi tu, hata ukiwa laini na safi machoni. Hesabu hii inafaa pia kwa msingi wa ghorofa na kwa kilima kinachokatwa ili kupitisha barabara.

Sasa tuje kwenye rangi, maana ndiyo inayouza. Watu wengi wa pwani yetu wanaishi juu ya mchanga mweupe au mwekundu, na wamefundishwa tangu utoto kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Fundisho hilo lina ukweli ndani yake, kwa sababu mboji ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea na huipa ardhi rangi yake. Lakini weusi una vyanzo vingine kadhaa, na jicho peke yake haliwezi kuvitenganisha.

Chanzo cha kwanza ni mfinyanzi wa mabondeni, ule uitwao udongo wa mbuga. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, alizunguka nchi hii akiona mpangilio uleule ukijirudia: juu ya mwinuko udongo mwekundu au wa kichanga, katikati ya mteremko udongo mwingine, na bondeni udongo mweusi mzito. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la katena, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo likaingia katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote. Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina yao kwa viungo vya mnyororo huo: luseni kwa udongo mwepesi wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo kwa ule wenye tabaka gumu wa chini ya mteremko, na mbuga kwa mweusi wa bondeni. Hakuna mkulima wa Usukuma ambaye angeviita vitu hivyo vitatu kwa jina moja la "udongo mzuri".

Udongo wa mbuga una angalau asilimia 30 ya mfinyanzi, tena mfinyanzi wa aina inayovimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Weusi wake unatokana na kiasi kidogo cha mboji kilichoshikamana kwa nguvu na chembe za mfinyanzi, kwa hiyo rangi hukolea ingawa mboji ni haba. Dereva wa Goba hakusema uongo: udongo huu una virutubisho vingi, na unalisha mashamba ya mpunga na pamba. Ila hauna hewa unapolowa, na hukata mizizi unapopasuka. Nyufa za kwa jirani yangu zilikuwa tabia yake ya asili kabisa.

Nairobi hutupa ushahidi wa upande wa pili. Wakazi wa Syokimau na Kitengela wamejenga juu ya udongo mweusi wa aina hiyohiyo, na wanapotaka bustani huagiza malori ya udongo mwekundu. Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya ya kati una kina kirefu, hupitisha maji vizuri na hushika chembechembe zake imara. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyopata hewa ya kutosha. Kwa hiyo Dar es Salaam tunanunua mweusi na Nairobi wananunua mwekundu, na kila upande unaamini rangi yake ndiyo dalili ya rutuba.

Chanzo kingine cha weusi ni tope la mikoko. Huu ni udongo ambao mtu wa pwani anapaswa kuuogopa kuliko wote. Kwenye maji ya chumvi yasiyo na hewa, chuma na salfa hujikusanya na kuufanya mweusi, ukitoa harufu ya yai viza. Ukikaa chini ya maji hautoi madhara. Ukichimbwa na kuanikwa juani, salfa ile hukutana na hewa na kugeuka tindikali ya salfa, kipimo cha pH kinaweza kushuka chini ya 4, na chumvi bado imo ndani. Hakuna mboga inayostahimili hali hiyo. Ukiona udongo mweusi uliokauka una utando mweupe juu, au una harufu niliyoitaja, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Weusi wa mwisho ni wa takataka zilizooza, majivu na vumbi la mkaa. Udongo unaochotwa kwenye madampo ya zamani au kingo za mito ya mjini huwa laini, mweusi na wenye virutubisho kwelikweli, na mchicha hustawi juu yake. Tatizo lake halionekani. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya shaba, zinki, risasi na kadimiamu katika mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Madini mazito kama risasi hayaozi wala hayayeyuki hewani. Yakishaingia kwenye udongo hubaki humo kizazi hadi kizazi, na lori huyahamisha kutoka kingo za mto hadi kwenye kitanda cha mboga cha mtoto wako. Kwa maua hatari ni ndogo. Kwa mboga za majani, ambazo huliwa na vumbi lililozishika, nashauri bila kusita: usitumie udongo wa dampo wala wa kingo za mto wa mjini.

Ikiwa rangi haitoshi, tupime nini? Kinachofaa kupimwa kwanza ni uwiano wa chembe. Chembe za madini zimegawanywa kwa ukubwa: mchanga una kipenyo cha kuanzia milimita 0.05 hadi 2, tope laini ni kati ya 0.002 na 0.05, na mfinyanzi ni chini ya 0.002. Mchanga huacha hewa na maji yapite. Mfinyanzi hushika maji na virutubisho. Udongo wenye uwiano mzuri wa vyote vitatu huitwa tifutifu, na mfano wake wa vitabuni una takriban asilimia 40 ya mchanga, 40 ya tope laini na 20 ya mfinyanzi.

Kipimo cha haraka ni cha mkono. Chota konzi moja kutoka katikati ya shehena, si juu, maana juu huwa pamekauka. Toa mawe, nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukifinyanga mpaka lishikane kama tonge la ugali. Likikataa kabisa kushikana, huo ni mchanga. Likishikana, liweke kati ya kidole gumba na cha shahada, ulibonyeze taratibu likitokeza mbele kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, una tifutifu mkononi. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu wenye mfinyanzi, unaovumilika ukiongezwa samadi. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, na vidole vikabaki na mng'ao kama umeshika sabuni, huo ni mfinyanzi, hata ukiwa mweusi kama masizi. Nilipoujaribu udongo wa jirani yangu baadaye, utepe ulining'inia hadi kwenye kifundo cha mkono.

Mwenye subira atumie chupa ya glasi ya lita moja. Jaza theluthi yake udongo, ongeza maji hadi karibu na mdomo pamoja na punje chache za sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iweke isitikisike. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini kwa muda wa saa mbili hivi, mfinyanzi siku nzima au zaidi, na vipande vya mboji huelea. Pima kila tabaka kwa rula. Mfinyanzi ukizidi asilimia 40 ya kimo chote, udongo wenyewe ni mfinyanzi.

Pua nayo ni chombo. Udongo wenye uhai unanukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wanaohitaji hewa. Ukiinusa, unajua hewa ilikuwamo. Harufu chachu au ya uozo inasema kinyume.

Kuna wageni pia wanaosafiri na lori, na hapa kukimbilia kumwaga udongo kumewagharimu watu miaka ya kazi. Mmoja ni ndago, nyasi yenye vinundu vyeusi ardhini. Kila kinundu kikiachwa huzaa vingine, na kung'oa majani hakukiui. Tripu moja yenye ndago inaweza kuharibu ukoka usipate kupona tena. Mwingine ni minyoo fundo, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoivimbisha mizizi ya nyanya, bamia na biringanya. Pamoja nao kuna bakteria wa mnyauko, ambao hulaza mnyanya ukiwa bado wa kijani. Hawa hupatikana hasa katika udongo uliobanduliwa kwenye mashamba ya mboga yaliyochoka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kwa wingi, omba ndoo moja. Jaza makopo matatu au manne, yatoboe chini, mwagilia. Mawili yaache bila kupanda kitu kwa wiki tatu uone kitakachoota chenyewe. Vichipukizi vyenye shina la pembe tatu ni jamaa ya ndago. Mengine panda maharage na mchicha. Majani ya maharage yakijikunja na kupinda vibaya, shuku mabaki ya dawa ya magugu. Kingo za majani zikiungua, shuku chumvi au samadi mbichi. Ni kipimo cha bei nafuu, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani.

Kwa anayenunua udongo mwingi, maabara haina mbadala. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, hushughulika na uchunguzi wa udongo. Chota kidogo kidogo kutoka sehemu kumi au zaidi za lundo, changanya, anika kivulini, peleka kama kilo moja. Omba pH, chumvi, kaboni ya mboji, naitrojeni, fosforasi na potasi. Mboga nyingi hupenda pH kati ya 6 na 7.

Kiasi nacho kinahitaji hesabu, kwa sababu "tripu" si kipimo. Tuseme una eneo la mita 6 kwa 4 na unataka kina cha sentimita 15. Zidisha 6 kwa 4 kwa 0.15, unapata mita za ujazo 3.6. Udongo uliochimbwa umejaa hewa na utashuka ukimwagiliwa, labda kwa sehemu moja kati ya tano, hivyo agiza kama mita za ujazo 4.5. Kisha pima sanduku la lori kwa futi kamba: lenye urefu wa mita 3.5, upana wa 2 na kimo cha udongo cha 0.6 limebeba 4.2. Usinunue kwa uzito, maana udongo uliolowa utakuuzia maji.

Ukishausambaza, usiulaze juu ya ardhi ngumu kama zulia juu ya sakafu. Maji hukwama pale aina mbili za udongo zinapokutana. Lima kwanza ardhi ya chini, changanya sentimita chache za udongo mpya ndani yake, ndipo umwage uliobaki.

Baada ya kupita hatua zote hizi, naweza sasa kusema ninavyoamua mwenyewe. Kwa nyumba nyingi za pwani zenye mchanga, kununua udongo kwa lori hakuhitajiki. Mchanga tayari una hewa na unapitisha maji. Unakosa mboji tu. Eneo lilelile la mita 24 za mraba, ukilitandika sentimita 5 za samadi iliyoiva au mboji na kuichanganya na sentimita 15 za juu, linahitaji mita za ujazo 1.2, karibu robo ya ule udongo wa lori. Kwenye joto letu mboji huisha haraka, kwa hiyo itabidi kurudia kila msimu, na kufunika ardhi kwa majani makavu au makumbi ya nazi ili isiungue. Ni kazi, lakini inajenga tabaka jipya kwako bila kubandua la bonde la mwingine. Na bonde lililobanduliwa halirudi katika maisha yetu. Miaka 1,000 kwa sentimita si hesabu ya kubahatisha nayo.

Udongo wa kununua una mahali pake: vyungu, vitanda vya kuinua, na viwanja ambavyo fundi ameacha kifusi na saruji tupu. Kwa vyungu, sehemu tatu za udongo, mbili za samadi iliyoiva na moja ya mchanga hutosha. Ukinunua kwa mahitaji hayo, fanya kipimo cha utepe lori likiwa bado getini, kabla bodi halijanyanyuliwa, na uwe tayari kulirudisha. Muuzaji akikwambia umetoka bondeni, mwulize bonde gani, na kina gani.